Pumzi ya Mtoto Njiti na Saa za Kabla ya Kuzaliwa

Upande wa kusini wa mji wa Minneapolis, katika njia iitwayo 31st Avenue, lingali limesimama jengo moja ambalo leo ni nyumba ya kupangisha, lakini ambalo asili yake lilijengwa kwa kazi nyingine kabisa. Lilikuwa sehemu ya Wonderland, bustani ya michezo na maonyesho iliyofunguliwa mwaka 1905 karibu na Lake Street na kufungwa mwaka 1911, na ndani yake walilazwa watoto njiti katika masanduku ya kioo yaliyotiwa joto, wakitunzwa na wauguzi, ilhali watu waliokuja kustarehe walilipa kiingilio ili wapite mbele ya vioo na kuwatazama. Moyo wa msomaji wa leo huenda ukachukizwa na habari hii, na ni haki uchukizwe. Lakini insafu yatulazimisha kukumbuka kwamba hospitali nyingi za zama zile hazikuwa na mahali pa kuwaweka watoto hao, na kwamba katika maonyesho ya namna hiyo fedha za watazamaji ndizo zilizogharimia matunzo, wazazi wasidaiwe kitu.

Masanduku yale yalitoa joto, na joto ni jambo kubwa, kwa kuwa mtoto mdogo apatwaye na baridi hutumia oksijeni nyingi ili ajipashe moto, akazidi kudhoofika. Hayakuweza kutoa pumzi. Mtoto ambaye mapafu yake yalikuwa yamekomaa kiasi aliweza kuokoka, na yule ambaye mapafu yake yalikuwa mabichi alifariki dunia kwa kukosa hewa, wala hapakuwa na tabibu aliyeweza kueleza kwa yakini kilichomuua. Kusudi langu katika makala haya ni kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili wa Minneapolis na Saint Paul, pamoja na jamaa zao walioko nyumbani, namna pumzi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati inavyotibiwa, na hususa kudhihirisha jambo moja ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa: kwamba sehemu bora ya tiba hiyo hufanyika kabla mtoto hajazaliwa, katika saa ambazo mama yungali na mimba yake, na kwamba saa hizo zikipotea nyumbani hakuna mashine iwezayo kuzilipa zote.

Mimba ya mwanadamu hukamilika kwa wiki 40 au karibu nazo, na mtoto azaliwaye kabla ya kutimia wiki 37 ndiye aitwaye njiti. Muda wote awapo tumboni mtoto hana haja ya mapafu, maana oksijeni humjia kutoka kondo la nyuma kwa njia ya kitovu, na mapafu yenyewe hujaa maji badala ya hewa. Baina ya wiki ya 22 na ya 24 mishipa myembamba ya damu husogea karibu na nafasi za hewa kiasi cha kuruhusu oksijeni kupenya, na katika majira hayohayo chembe fulani za mapafu huanza kutengeneza ute wa mafuta na protini uitwao safaktanti. Lakini huutengeneza kidogo kidogo, na aghalabu ute huo hautoshi mpaka ifike wiki ya 35 hivi.

Mapafu yameundwa kwa vifuko vidogo mno vya hewa, na ndani ya kila kifuko mna utando mwembamba wa maji. Ni tabia ya maji kujivuta pamoja, na kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo mvutano huo unavyokuwa na nguvu ya kukifunga. Safaktanti hutanda juu ya maji hayo na kuupunguza mvutano wake, hata mtoto atoapo pumzi vifuko vyake hubaki wazi kidogo, vikingojea pumzi ifuatayo. Kila aliyepuliza puto anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, na kwamba puto likishafunguka, zinazofuata huingia kwa wepesi. Basi mtoto asiye na safaktanti hulazimika kuivuta ile pumzi ya kwanza kila mara, mara 60 au zaidi kwa dakika, kwa misuli ambayo haijapata nguvu na mbavu ambazo ni laini, mpaka achoke. Mbavu zake hubonyea, tundu za pua hupanuka, midomo huingia rangi ya samawati, na kila atoapo pumzi husikika mguno mfupi.

Namwomba msomaji ausimamie mguno huo, kwa kuwa ndani yake mna maarifa ambayo matabibu walichukua miaka mingi kuyafahamu. Mtoto yule anapoguna huwa amefunga koo lake nusu, ili hewa isitoke yote na vifuko visijifunge. Kwa neno jingine, anajitibu. Mwaka 1968 madaktari wa Cape Town, nao ni Harrison, Heese na Klein, walichapisha uchunguzi wao juu ya mguno huo, wakionyesha kwamba mtoto akiingizwa mpira kooni, na kwa hiyo akanyimwa uwezo wa kuguna, oksijeni katika damu yake hupungua. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walitoa habari za watoto 20 waliokuwa na dhiki kali ya pumzi, ambao waliwapa hewa yenye shinikizo dogo lisilokoma, wala hawakuwasukumia pumzi kwa nguvu: mtoto alipumua mwenyewe, na shinikizo lile likavizuia vifuko visijifunge. Watoto 16 kati yao waliokoka. Tiba hiyo ndiyo iitwayo CPAP katika hospitali zote za ulimwengu leo, na mzazi akiona mwanawe amefungwa kofia kichwani na mipira miwili mifupi imeingizwa puani, hana haja ya kudhani kwamba mashine inapumua badala ya mtoto. Mtoto anapumua, mashine inamsaidia kuguna.

Kabla ya hapo ilitangulia misiba mingi, na mmoja ulijulikana ulimwengu mzima. Mwezi Agosti mwaka 1963 Rais John Kennedy wa Marekani na mkewe walipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa kiasi cha wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo 2.1, uzito ambao leo hautishi mtu. Alipelekwa Boston, akatiwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa, akafariki baada ya saa 39. Baba yake alikuwa mwenye mamlaka kuliko watu wote wa taifa hilo, na matabibu waliomzunguka walikuwa hodari wa zama zao. Tena sababu ya maradhi ya pumzi yaliyomuua ilikwisha kufichuliwa katika mji huohuo wa Boston mwaka 1959, pale Mary Ellen Avery na Jere Mead walipopima mapafu ya watoto waliokufa kwa maradhi hayo na kuona kwamba kitu kinachopunguza mvutano wa maji kilikuwa kimekosekana. Sababu ilijulikana, dawa haikuwapo. Mtoto wa uzito ule akizaliwa leo katika hospitali kubwa ya Minneapolis au Saint Paul, aghalabu huwekewa mipira ya puani kwa siku chache, akafundishwa kunyonya, akaenda nyumbani na mamaye.

Mashine za kupumulia zilipoanza kutumiwa kwa watoto wachanga katika miaka ya 1960, ziliokoa maisha na papo hapo zikaleta madhara. Mapafu mabichi yakisukumiwa hewa kwa nguvu, mara huingiwa na tundu na hewa ikavuja kifuani, mara hupata makovu. Na mwaka 1967 William Northway na wenzake wa California wakaeleza ugonjwa mpya wa mapafu uliowapata watoto waliookolewa na mashine hizo na oksijeni nyingi. Hapa mji wa Saint Paul una fungu lake katika historia. Stephen Boros, tabibu wa hospitali ya watoto ya mji huo, alichapisha mwaka 1979 uchunguzi ulioonyesha kwamba oksijeni ya mtoto mwenye dhiki ya pumzi hufuata wastani wa shinikizo katika njia ya hewa muda wote wa pumzi, wala haitegemei tu ukubwa wa kilele cha kila msukumo. Maana ya maneno hayo ni kubwa kuliko yanavyosikika: tabibu akijua kwamba linalotakiwa ni kuyaweka mapafu wazi, huacha kuyapiga kwa vishindo vya hewa.

Oksijeni nayo ilifundisha kwa uchungu. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 watoto njiti wengi wa nchi tajiri walipofuka, na uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1953 na 1954 ukathibitisha kwamba oksijeni iliyomwagwa bila kipimo ndiyo iliyoharibu mishipa ya macho yao. Madaktari wakaogopa, wakaipunguza mno, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Tangu hapo njia imekuwa nyembamba, ukingo huu macho na ukingo ule uhai. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliowekwa chini ya kiwango cha asilimia 90 cha oksijeni katika damu walisalimika zaidi na maradhi ya macho, lakini waliokufa miongoni mwao walikuwa wengi zaidi, na kwa sababu hiyo hospitali nyingi hushika kiwango cha baina ya asilimia 90 na 95. Nimewaona wazazi wakikasirika kengele inapolia na muuguzi akasimama kando ya mtoto, akatazama kwanza kabla ya kugusa kitufe cha oksijeni. Huo si uzembe. Anapima kama mtoto atajirudisha mwenyewe, kwa maana oksijeni ya ziada ni dawa kali kama dawa nyingine yoyote.

Ute uliokosekana hatimaye ulipatikana. Tetsuro Fujiwara wa Japani alitangaza mwaka 1980 kwamba amewatibu watoto 10 kwa safaktanti iliyotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe, ikatiwa moja kwa moja katika mapafu yao, na hali zao zikabadilika. Na mwaka 1990 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza ya safaktanti. Siku hizi si lazima mtoto awekwe katika mashine ya kupumulia ili aipate: tabibu huweza kupitisha mpira mwembamba sana kooni wakati mtoto anapumua mwenyewe kwa msaada wa CPAP, akaitia dawa, kisha akauondoa mpira.

Linazuka hapa swali ambalo wazazi Waislamu wa miji hii miwili, Wasomali, Waswahili na wengineo, wana haki ya kuliuliza na kujibiwa kwa uwazi. Safaktanti itumiwayo Marekani hutoka kwa wanyama: iitwayo Survanta na iitwayo Infasurf ni za mapafu ya ng'ombe na ndama, na iitwayo Curosurf, iliyobuniwa Sweden, ni ya mapafu ya nguruwe. Hospitali moja huweza kuwa na aina moja tu katika ghala lake. Kanuni ya fiqhi kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa ni mashuhuri, na uhai wa mtoto asiyeweza kupumua ni dharura iliyo wazi. Lakini mzazi aliyeelezwa mapema, akapata nafasi ya kumpigia simu sheikh wake na kuuliza kama kuna aina ya ng'ombe, hutoa idhini kwa moyo mtulivu, na yule aliyejua baada ya kitendo hubaki na jeraha la kudhani kwamba amefichwa. Kwa rai yangu daktari ndiye apasaye kulitaja jambo hili kwanza, bila kungoja kuulizwa.

Nitapita upesi juu ya kafeini, ile iliyomo katika kahawa na chai, ambayo watoto njiti hupewa kila siku kwa kuwa ubongo wao mchanga husahau kuamuru pumzi na pumzi ikasita kwa sekunde 20 au zaidi. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2006 juu ya watoto 2,006 ulionyesha kwamba fauka ya kuzuia kusita huko, kafeini ilipunguza ugonjwa sugu wa mapafu. Dawa ni rahisi, ya zamani, na faida yake haina shaka.

Sasa nalifikia lile nililokusudia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kwa kondoo kinachoanzisha uchungu wa kuzaa, akaona jambo asilolitafuta: wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao walipasa kufa papo hapo, walipumua, kwa sababu walikuwa wamepata homoni za jamii ya steroidi wakiwa tumboni na mapafu yao yakaharakisha kukomaa. Pamoja na Ross Howie, daktari wa watoto, aliwapa dawa hiyo wanawake waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema, na mwaka 1972 wawili hao wakachapisha matokeo ya akina mama 282: watoto wa waliochomwa sindano walipata dhiki ya pumzi kwa uchache kuliko wenzao, na vifo vyao vilipungua. Ajabu ya kuhuzunisha ni kwamba ulimwengu wa tiba uliichukua hidaya hii kwa mwendo wa kobe. Nchini Marekani ilingojewa mpaka mwaka 1994 ndipo baraza la wataalamu likahimiza kwa nguvu kwamba sindano hiyo itolewe kwa kawaida. Katika miaka ile 22 walizaliwa watoto wengi ambao dawa yao ilikuwapo kabatini.

Sindano hiyo huchomwa mama, nayo humfikia mtoto kwa njia ya kondo. Ikiwa ni betamethasoni, ni sindano mbili zilizotengana kwa saa 24. Ikiwa ni deksamethasoni, itumikayo zaidi katika hospitali za Afrika Mashariki, ni nne, zikitengana kwa saa 12. Faida yake huwa kubwa zaidi mtoto akizaliwa baada ya siku moja tangu kuanza na kabla ya siku saba kupita. Nguvu yake si ya hospitali za kitajiri pekee, kwani uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan kwa wanawake 2,852, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa wasioipata. Hata hivyo dawa hiyo yataka umri wa mimba ujulikane kwa kipimo na hospitali iwe na uwezo wa kumtunza mtoto, wala si dawa ya kununuliwa dukani.

Hesabu ya saa ndiyo inayonifanya niseme kwa msisitizo. Mama anayesikia tumbo likikaza na kuachia kabla ya wiki 37, au maji yakivuja hata kidogo, au damu, au mgongo wa chini ukimuuma kwa vipindi, asingoje mume arudi kutoka zamu ya usiku, asingoje theluji ya Januari ipungue, asiseme kwamba mimba ya kwanza nayo ilimsumbua hivi ikapita. Katika Minneapolis na Saint Paul nambari 911 huleta gari la wagonjwa mlangoni, na hospitali haina ruhusa ya kumwacha mgonjwa wa dharura bila kumtazama kwa sababu hana bima. Mkalimani ni haki yake kisheria, bila malipo, awe wa Kiswahili, Kisomali au Kioromo, na si vema mtoto wa miaka kumi akafanywa mkalimani wa habari za uzazi wa mamaye. Akifika mapema, mengi huwezekana: uchungu huweza kucheleweshwa kwa dawa siku moja au mbili, sindano ikapata wasaa wa kufanya kazi, na kama hospitali aliyofikia haina chumba cha watoto mahututi, mama huhamishwa akiwa na mtoto tumboni. Hakuna chombo cha kusafirishia mtoto njiti kilicho bora kuliko tumbo la mama yake, na mtoto aliyezaliwa mahali pasipo wataalamu kisha akabebwa kwa gari au helikopta huanza maisha nyuma ya mwenzake.

Wako watakaonijibu kwa kisa cha mvulana aliyezaliwa tarehe 5 Juni 2020 katika hospitali ya Children's Minnesota mjini Minneapolis, akiwa na wiki 21 na siku 2 na uzito wa gramu 337, akaenda nyumbani mwezi Desemba mwaka huohuo, na kitabu cha Guinness kikamtaja kuwa ndiye njiti aliyezaliwa mapema kuliko wote waliopata kuishi, sifa ambayo baadaye walitwaa wengine. Ni habari ya kumshukuru Mungu, na waliomtunza wanastahili heshima. Lakini umri ule uko kabla ya mapafu kuwa tayari kwa hewa, na walio wengi kati ya watoto wa wiki 21 na 22 hawafiki nyumbani. Kwa ajili hiyo madaktari hukaa na wazazi na kuuliza kama waanze tiba au wamfariji mtoto mikononi mwa wazazi wake. Mazungumzo hayo ni mazito, na mzazi anaweza kuomba imamu, padri au mzee wa ukoo awepo. Anayekichukua kisa kile kuwa ushahidi kwamba mashine za Marekani huweza kila jambo, na kwa hiyo hapana haja ya haraka, amekisoma kinyume.

Kwa ndugu zetu walioko nyumbani, CPAP ina uzuri mwingine: yaweza kufanywa kwa mapovu. Mpira unaotoa hewa ya mtoto huzamishwa katika chupa ya maji, na kina cha maji, sentimita tano, sita au saba, ndicho kipimo cha shinikizo. Hewa ikibubujika, kazi inaendelea. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya pumzi, asilimia 71 ya waliowekewa kifaa cha mapovu cha bei nafuu waliokoka, na waliopewa oksijeni ya puani peke yake asilimia 44. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota nao, pamoja na wenzao wa Uganda, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi juu ya usalama wa kifaa cha mapovu kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka mitano. Shida iliyobaki ni kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida, kwa maana hospitali isiyo na kichanganyio hulazimika kumpa mtoto oksijeni tupu, na lile balaa la macho la miaka ya 1940 likarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nina ombi kwa jumuiya na makanisa na misikiti ya hapa inayochanga fedha kwa ajili ya hospitali za nyumbani. Tangu mwaka 1987 Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wameshikana katika ushirika uitwao Bega kwa Bega, na Wakenya na Wakongo wa miji hii hufanya harambee zao. Mashine kubwa ya kupumulia, ikiwa haina fundi wala muuguzi aliyefunzwa, huishia stoo ikiwa imefunikwa shuka. Vipimo vya oksijeni vya kufungwa mguuni, vichanganyio, mipira midogo ya puani ya saizi zote, na mshahara wa mwalimu wa wauguzi kwa mwaka mmoja vitaokoa watoto wengi zaidi kwa fedha hizohizo.

Imesalia kazi ya mama baada ya kujifungua, ambayo ni tiba, ingawa wengine huiona ni mapenzi tu. Huduma ya kangaruu, yaani mtoto kulazwa ngozi kwa ngozi kifuani, ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya uhaba wa inkubeta; na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolazwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walikufa asilimia 12, na waliongojewa asilimia 15.7. Mtoto aliye kifuani hupumua kwa utaratibu zaidi, na mipira ya CPAP si kizuizi. Desturi yetu ya arubaini, ambayo humtaka mzazi akae ndani apumzike na kuhudumiwa, ina hekima yake, lakini mtoto akiwa hospitali arubaini yapasa imfuate: shangazi na mashoga wapeleke uji na mchuzi kulekule, wapokezane kulea waliobaki nyumbani, na mama akae kitini na mwanawe kifuani kwa saa nyingi awezavyo. Baba naye ana kifua.

Siku ya kutoka hospitali ikiwadia, mapafu huwa bado yanakua. Majira ya baridi ya Minnesota huja na virusi vya RSV, ambavyo kwa mtu mzima ni mafua na kwa aliyezaliwa njiti huweza kuwa hatari kubwa. Tangu mwaka 2023 ipo sindano ya kinga iitwayo nirsevimab, na mzazi aiulizie kabla ya kuondoka. Mgeni mwenye kikohozi aambiwe kwa upole angoje, ajapokuwa ametoka mbali kuja kuona mtoto. Na udi, ubani na uunsi, ambavyo ni heshima ya nyumba zetu tangu wahenga, visifukizwe ndani anamolala mtoto huyu, wala sigara isivutwe hata katika gari. Akianza kubonyea mbavu, kuguna, kupanua pua, kushindwa kunyonya kwa kuhema, kugeuka midomo rangi ya samawati au kusita pumzi, nambari ni ileile 911, na mkalimani huweza kuunganishwa katika simu hiyohiyo kwa kutaja jina la lugha yako.